Mama Chesisi na Gari Lililopiga Kelele

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi na nusu jioni, Mama Chesisi atafunga kabati la kumbukumbu za mauzo kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia kampuni yetu ya kuuza magari kwa miaka thelathini na saba na miezi minne. Hiyo miezi minne ameniagiza nisithubutu kuisahau.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Siku ya tatu tu kazini aligundua kwamba magari mawili ya maonyesho yameandikiwa namba moja ya chesisi, ile namba inayogongwa kwenye fremu kiwandani na ambayo magari mawili hayawezi kuwa nayo. Meneja wa enzi hizo akasema ni macho yake tu. Mama Chesisi akamwomba kwa adabu zote apige magoti aone mwenyewe, naye akapiga, na suti yake nyeupe. Tangu hapo jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye hati ya mshahara.

Kompyuta zilipoingia, iliamriwa kadi zote za zamani zichomwe. Mimi, msimamizi wa stoo ya vipuri, ndiye niliyekabidhiwa kiberiti. Mama Chesisi akaja, akakalia maboksi. "Kaka, washa," akaniambia, "ila anza na mimi." Sikuwasha. Kadi zikahamia nyuma ya rafu ya mabomba ya ekzosi, na kwa miaka sita nikawaambia wakaguzi ni vichujio vya hewa.

Faida yake tuliiona mwaka juzi. Mwalimu mstaafu wa hisabati alifika na gari jeupe kuukuu, limevutwa kwa kamba, alilolipata kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Moyo wake ulimwambia ndilo gari la marehemu baba yake, lililonunuliwa hapa kwetu likiwa jipya. Dada yake mkubwa hakutaka hata kusikia. Gari la baba lilikuwa la kijani, alisema, na yeye hapelekwi kwenye harusi ya mjukuu ndani ya bati la watu asiowajua. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Namba za usajili zilishabadilishwa, na kibati cha chesisi kilikuwa kimeliwa na kutu. Mama Chesisi akatandika boksi sakafuni, akajisukuma chini ya gari. Kwa nusu saa tuliona miguu yake tu, tukasikia brashi ya waya na manung'uniko. Alitoka na oili kwenye paji la uso na karatasi aliyoisugulia penseli juu ya fremu. Tarakimu zote zilisomeka.

Kadi ikapatikana. Mnunuzi wa kwanza: fundi saa. Rangi: kijani. "Baba," mwalimu alisema, kisha akakaa kwenye kitu kilichokuwa karibu, ambacho kwa bahati mbaya kilikuwa ndoo ya grisi isiyo na kifuniko.

Lakini kadi ilibanwa pamoja na karatasi za matengenezo. Mwaka wa kwanza, fundi saa alilirudisha gari mara nne kwa sababu ya kelele nyuma. Mafundi wakabadilisha springi, wakafungua giaboksi, wapi! Mara ya nne wakaandika: "Kelele imekwisha. Vijiko vitatu na kikombe cha bati chini ya kiti cha nyuma. Mteja asema ni michezo ya mwanawe wa kiume. Aomba mkewe asiambiwe."

Mwalimu aliomba apewe nakala ya ukurasa wa kwanza tu. "Mwalimu wangu," Mama Chesisi akamjibu, "mimi sitoi historia nusu."

Kesho yake dada mtu alikuja mwenyewe. Akavaa miwani, akasoma, akarudia. "Vile vijiko nilivyochapiwa mimi!" akamgeukia mdogo wake mbele ya mafundi wote. "Likizo nzima sikutoka nje! Na baba naye alijua!" Tukaogopa. Kumbe kicheko kilikuwa njiani. Alicheka mpaka akashikilia boneti. Akataka nakala mbili zenye mhuri, moja ya kusomwa harusini. Huko alienda na gari lile lile, amekaa kiti cha mbele.

Tangu hapo Mama Chesisi amefuatilia historia ya magari thelathini na moja. Si wote walioondoka na furaha. Bwana mmoja aliyejigamba kuwa gari lake lilimbeba waziri aligundua kwamba lilibeba mayai.

Sasa naomba niseme jambo ambalo wengi wenu hamlijui: Mama Chesisi hajawahi kuendesha gari. Jumatatu, tarehe 3 Julai, saa mbili asubuhi, anaanza shule ya udereva, na amekwisha kumwandikia mwalimu wake barua kuuliza gari la mafunzo lilitoka kwa nani.

Dada yetu, asante kwa kila kadi uliyoikalia. Tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele na barabara pana. Watumiaji wengine wa barabara tunawaombea subira.