Plani Iliyonipeleka Kashoti

Ndugu zangu, bamama na bababa, mnisamehe, sitaanza kwa wimbo. Nikiimba nitalia, na leo sikusimama hapa kulia. Nina hasira. Mchungaji anajua, nilimwambia pale mlangoni, akanijibu niseme hivyo hivyo.

Mnalijua lile jengo la etaji tatu hapa Baraka, lile ambalo bamama wanaanika samaki wao wadogo, ndagala, kando ya ukuta wake. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga fibre humo ndani, ule waya mwembamba wa kioo unaopitisha intaneti. Kazi hiyo haianzi na kuvuta waya. Inaanza na kuchora. Unachora waya utapandia wapi kutoka chini mpaka juu, sakafu itobolewe wapi, kila etaji kabati la mashini likae wapi. Unachora na njia ya pili, upande wa mbali na ya kwanza, ili moja ikikatika watu wasibaki gizani. Nilikuwa naipenda plani ile kama mtoto wangu.

Siku ile nilikuwa naenda Fizi kumwona mama, plani iko ndani ya mfuko wangu ili niimalizie huko. Mnakumbuka vita vilikuwa vimeshuka kutoka milimani na kila mtu alikuwa anamwogopa mwenzake. Pale barieri, kizuizi cha askari barabarani, wakafungua mfuko. Komanda akaitandaza plani juu ya boneti ya gari.

"Hizi alama nyekundu ni nini? Ni fasi mutatiya bombe?"

"Hapana, komanda. Ni mahali pa makabati ya mashini."

"Na hii njia ya pili? Iko ya kukimbilia?"

Nawaambia, kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Jengo zima limechorwa, ngazi, milango, mishale inayopanda. Wakanirudisha Baraka, wakanitupa kashoti, chumba chao cha wafungwa, wakanipiga mpaka sikio hili la kushoto linavuma hadi leo.

Nikamwomba komanda ampigie simu shefu wangu wa kazi. Shefu ndiye aliyenipa kazi, aliyekula ugali nyumbani kwangu, aliyekuwa ananiita mdogo wake. Komanda akapiga, akaweka sauti ya juu ili nisikie. Na nilisikia.

"Uyu muntu mi simujuwe."

Akakata. Komanda akaniangalia, akacheka. Ndugu zangu, yale mapigo niliyavumilia, lakini neno lile liliniua. Mjini wakaanza kusema nimeuza watu. Na humu kanisani, msiangalie chini, kuna waliohama benchi ambalo mke wangu alikuwa amelikalia.

Mnajua nani alikuja? Bamama wa ndagala. Wale ambao tulikuwa tunatukanana nao kila asubuhi, kwa sababu nikitoboa ukuta vumbi linawaangukia samaki. Mmoja aliwahi kunirushia kandambili. Wakaja na beseni zao, wakakaa chini mbele ya mlango wa kashoti wakakataa kuondoka. Yule wa kandambili ndiye aliyesema.

"Komanda, siye bote tunamujua uyu. Ni ule wa kutoboa-toboa bukuta, anatumwangiaka vumbi ku ndagala. Adui gani anakuyaka na mashini ya makelele, bantu bote banamuona? Kama iko adui, utufunge na siye, juu ni ndagala yetu anakulaka."

Komanda akawauliza mmoja mmoja. Kila mmoja akamtajia siku tuliyogombana na matusi niliyomtukana. Matusi yangu, ndugu zangu, ndiyo yaliyonitoa. Jioni ya siku hiyo nikafunguliwa.

Lakini nilikaa nyumbani kama gogo. Plani waliichoma, na mimi kalamu nilikuwa siwezi hata kuishika. Ndipo yule mama wa kandambili akaja na turubai begani, akasimama uani. "Rudia kazi, baba. Ndagala tutafunika na bashi." Akaenda zake. Kesho yake nikaanza kuchora upya, na ile njia ya pili nikairudisha palepale ilipokuwa.

Waya ulipanda, intaneti ikawaka etaji zote tatu. Huko juu, yule aliyesema hanijui anafungua kompyuta yake kila asubuhi, na kila anachokisoma kinapita katika waya niliouvuta kwa mikono hii. Hajaniomba msamaha hata siku moja.

Bamama wa ndagala, mko pale nyuma, nawashukuru. Mimi na nyumba yangu tuna deni kwenu na hatutaki liishe.

Ninyi wengine nawaomba jambo moja. Wakimshika mtu mnayemjua, nendeni mseme mnamjua. Hata kama mmegombana naye. Hata kama mnaogopa, maana bamama hawa nao waliogopa, na bado hawakuondoka.

Na wewe, sitataja jina lako. Uko hapa, unajua nakuongelesha. Watu wanataka niseme nimekusamehe, na mimi siwezi kusema uongo madhabahuni. Bado. Ila mlango wangu uko wazi. Kuja, usimame mbele ya bamama hawa, useme unanijua.