Miaka Mitatu ya Kucheka na Mtani Wangu

Jina la Yesu lipewe sifa, ndugu zangu! Mguu mmoja ni mzima, mwingine una vyuma, lakini nimesimama.

Wengi mnanijua: fundi seremala wa hapa Maili Moja, Msukuma, darasa la saba, mengine nimejisomea. Nitaeleza kwa utaratibu.

Nilikwenda Mlandizi kununua mbao. Lori la mchanga likarudi nyuma bila mtu wa kumwelekeza dereva, likanibana ukutani. Mguu wa kulia ukavunjika, nikalazwa na kufanyiwa upasuaji. Dereva alishtakiwa kwa kosa la barabarani, akatozwa faini, nami nikadhani sheria imemaliza kazi yake.

Mwenye lori ni Mzee Salehe wa Msimbu, Kisarawe. Ni Mzaramo, na mnajua sisi na Wazaramo ni watani. Alikuja hospitali na kikapu cha machungwa, akatangaza tangu mlangoni: "Huyu Msukuma ameona lori akadhani ng'ombe, akaenda kulishika mkia!" Wodi nzima ikacheka. Nami nilicheka, huku mguu ukiniuma.

Akaahidi kwamba gharama za upasuaji wa pili na hasara ya kazi tutayamaliza wenyewe. Kila nilipomkumbusha, alikuwa na utani mpya. "Unanidai mimi, mtani? Na siku ukifa nani atakuja kuvuruga matanga yako?"

Ndugu zangu, kwetu mtani hanuniwi, sembuse kupelekwa mbele ya hakimu. Nikasubiri. Mfupa ukaunga vibaya, nikashindwa kusimama kupiga randa. Mke wangu, Mama Kulwa, akailisha nyumba kwa kuuza maandazi. Nilimwomba Mungu aulainishe moyo wa mtani wangu. Mungu akajibu kwa njia nyingine!

Jumapili moja baada ya ibada, dada yetu mmoja ambaye ni wakili alitufundisha habari za madai ya watu walioumizwa. Nikauliza kama ahadi za mtani wangu zinanilinda. Akataka kujua niliumia lini. Nilipomwambia, akahesabu kwa vidole.

"Baba Kulwa, mazungumzo hayasimamishi muda. Ukiumizwa kwa uzembe wa mtu, una miaka mitatu ya kufungua shauri, kuanzia siku uliyoumia. Yako inaisha mwezi huu. Ikipita, shauri litatupwa kabla mtu hajautazama huo mguu."

Sikuiogopa mahakama. Niliogopa kumpoteza Mzee Salehe. Nikasema kesho yake niende kwanza Msimbu, nimwarifu kiungwana. Mama Kulwa akakataa katakata.

"Mahakamani kwanza, Msimbu baadaye. Ukianzia Msimbu, yule mzee atakuchekesha mpaka muda uishe."

Tukapiga magoti, tukaomba. Nilipoinuka, ile hofu haikuwepo. Haleluya! Kwa msaada wa yule dada, shauri likafunguliwa muda ukiwa bado upo. Ndipo nikaenda Msimbu.

Nilipomaliza kueleza, Mzee Salehe hakutania. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa mimi nitafungwa?"

Kumbe, ndugu zangu, miaka yote ile mzee alikuwa akicheka kwa woga! Nikamweleza kwamba haya ni madai, hayana kifungo, na kwamba lori lake lilikuwa na bima, na bima hukatwa kwa ajili ya mambo kama haya. Akauliza:

"Na wewe Msukuma, umeyajua haya lini?"

"Juzi."

"Basi sisi sote wajinga," akasema, akamwita mkewe alete chai.

Tulikutana tena mbele ya msuluhishi wa mahakama, na yale yaliyoshindikana kwa miaka yakamalizika pale. Bima ililipa. Nimefanyiwa upasuaji, narudi kwenye randa. Mzee Salehe bado ananitukana kila tukionana, na namshukuru Mungu kwa hilo pia.

Wewe uliyeumia, uliyeambiwa tutayamaliza nyumbani, nisikilize. Samehe, na ucheke naye. Kusamehe hakukukatazi kudai. Lakini uliza muda wako unaisha lini. Yesu aliyeniondolea hofu yuko hapa. Mkabidhi hofu yako sasa hivi, na kesho asubuhi mahakama ikifunguliwa, uwepo pale. Amina!