Kuku wa Maskati na Imondo Zao

NEKESA: Haloo, ongea. Nani huyo?

KIMAIYO: Ni mimi.

NEKESA: Wako wengi wanaitwa mimi.

KIMAIYO: Kimaiyo. Wa Kitale, ofisi ya kuku.

NEKESA: Aa, Kimaiyo wa ofisi. Nilidhani ni ule mwingine, alikuja kwetu Matulo mwezi wa nane, akakula ugali ya watu wanne, akapotea.

KIMAIYO: Sijapotea. Si ni mimi nakupigianga kila—

NEKESA: Baridi ya Kitale inasemaje?

KIMAIYO: Iko tu. Nekesa, uko na mtu hapo karibu?

NEKESA: Niko nje ya banda. Kina mama wako ndani wanafunga kuku ya Chwele kwa katoni. Ongea.

KIMAIYO: Ile kontena ya friji ya Jumatatu imefika Mombasa.

NEKESA: Asante Mungu.

KIMAIYO: Imefunguliwa. Nekesa? Uko?

NEKESA: Niko. Ni network.

KIMAIYO: Mkaguzi amekata katoni moja, akatoa kuku, akampasua. Ndani ya tumbo akapata kakaratasi ka nailoni. Unajua kwa nailoni kulikuwa na nini?

NEKESA: Wewe ndio uko na habari.

KIMAIYO: Firigisi. Akachukua kuku wa pili. Firigisi. Wa tatu—

NEKESA: Huyo mkaguzi anapenda kuku.

KIMAIYO: Si mchezo, bana. Yule tajiri wa Maskati, Bwana Nasir, aliagiza kuku mzima, bila kichwa, bila miguu, bila kitu tumboni. Nilikusomea mimi mwenyewe. Firigisi ziwekwe kwa gunia yao, zikuje kwa hoteli za hapa Kitale. Kipsang wa stoo amengoja hiyo gunia mpaka amechoka. Anasema mlikula.

NEKESA: Nani alikula?

KIMAIYO: Wewe na kina mama.

NEKESA: Hizo firigisi, imondo zenyewe, elfu moja mia nne, wanawake kumi na mmoja. Mwambie Kipsang huku kwetu mwanamke hakuli imondo, hata umfunge kamba.

KIMAIYO: Kwa hivyo uliweka wewe.

NEKESA: Niliweka.

KIMAIYO: Zote?

NEKESA: Ningebakisha zingine za nini? Hata Naim, yule wa kuchinja, aliniuliza, "Nekesa, unafanya nini?" Nikamwambia wewe umemaliza kazi yako, niachie yangu.

KIMAIYO: Na sasa unacheka.

NEKESA: Sicheki. Ni hii network inacheka.

KIMAIYO: Nisikize basi. Meli inapakia kesho asubuhi. Hao kuku wameshika barafu, huwezi kuwayeyusha utoe firigisi halafu uwagandishe tena, wataharibika. Kwa hivyo ni mawili. Bwana Nasir akubali vile wako, atume faksi kabla ya saa kumi leo, ama kontena irudi. Na ikirudi, Madam Mwihaki, mkubwa wetu, anafunga hiyo banda. Wewe na hao kina mama wote mnaenda nyumbani.

(mtandao unakwaruza)

NEKESA: Alisema hivyo? Atafunga?

KIMAIYO: Alisema. Anataka jina la aliyeweka.

NEKESA: Mpe. Nekesa wa Matulo, kichwa ngumu. Kina mama awaache, waliniskiza mimi. Kuna wengine hapa hiyo kazi ndio inalisha nyumba yote.

KIMAIYO: Sijampa. Nimemwambia anipe nusu saa niandikie Bwana Nasir barua ya kueleza. Anajua Kiswahili, nyanya yake alikuwa mtu wa Mombasa. Kalamu niko nayo. Sasa nieleze mimi kwanza. Kwa nini?

NEKESA: Hata wewe hujui?

KIMAIYO: Ningejua ningekupigia na kredo ya simu yangu?

NEKESA: (anavuta pumzi) Haya. Mtu ameketi kwake huko Maskati. Analetewa kuku. Kuku ametoka Kamukuywa kwa bodaboda, amekuja Bungoma, amepanda lori, amekaa wiki mbili kwa baridi ya kuuma meno, juu ya maji. Mwenye nyumba anaita watu. Anafungua, imondo hakuna. Atafikiria nini?

KIMAIYO: Ni vile aliagiza.

NEKESA: Wachana na kuagiza. Atajua kuna mtu mkubwa kumshinda alikula kwanza, yeye akatumiwa masalio. Imondo ni ya mgeni. Kama hakuna mgeni, ya baba wa nyumba. Ukipikia mgeni kuku na usimwekee imondo, umemwambia arudi alikotoka. Haujafungua mdomo, lakini umemwambia.

KIMAIYO: Pole pole, naandika. "...umemwambia arudi alikotoka." Na akiwekewa?

NEKESA: Anakula. Akikula, amekubali hiyo nyumba.

KIMAIYO: Na asipokula? Haloo?

NEKESA: Hiyo usiandike. Bwana Nasir atakula.

KIMAIYO: Nekesa. Ile siku nilikuja Matulo. Kulikuwa na kitu ngumu ngumu niliwekewa kwa sahani ndogo, peke yake.

NEKESA: Ehe.

KIMAIYO: Ndio hiyo?

NEKESA: Ulidhani ni jiwe?

KIMAIYO: Si nilipatia kukhu yako. Ameketi karibu na mimi, nyanya mzee hivyo. Kwetu ukiwekewa kitu kizuri, unapatia mzee kwanza. Nilikuwa naheshimu—

NEKESA: Ulipatia mwanamke. Tena hana jino hata moja.

KIMAIYO: Aliishika tu mkononi.

NEKESA: Angefanya nini? Aliishika mpaka ukaenda, akatuuliza aiweke wapi.

KIMAIYO: Na mzee akainuka, akasema anaenda kuangalia ng'ombe.

NEKESA: Kimaiyo, tangu lini papa ako na ng'ombe?

KIMAIYO: Miezi mitatu wajomba wangu wananiuliza tunakuja Matulo lini kukuposa. Nikikuuliza, ati mzee bado anafikiria. Mbona hukuniambia?

NEKESA: Mtu haambiwi. Ningekwambia, ungekuja ukule imondo kama dawa.

KIMAIYO: Nilidhani hanitaki kwa sababu natoka mlimani. Imeniuma sana hiyo.

NEKESA: Hata mimi iliniuma. Nilimwambia hajui, ni mtu wa Elgon. Akasema hakuna mtu mzima hajui imondo.

KIMAIYO: Sasa mwambie—

NEKESA: Si umwambie wewe mwenyewe—

KIMAIYO: Kredo inalia. Wacha nimalize hii barua, Madam amesimama hapa mlangoni. Nekesa, ombea hiyo fak—

(laini inakatika)

(saa tisa, simu inalia tena)

NEKESA: Haloo? Nani? Kama ni Kimaiyo ongea haraka, tangu saa saba nimeosha kuku moja mara nne.

KIMAIYO: Ni mimi. Faksi imeingia.

NEKESA: Soma.

KIMAIYO: Uko umeketi?

NEKESA: Kimaiyo, nitakuja huko Kitale na miguu. Soma.

KIMAIYO: "Nimepokea barua. Kontena ije jinsi ilivyo, mbadilishe tu karatasi ziseme kuku pamoja na firigisi zao."

NEKESA: (mbali na simu) Kina mama, inaenda. Inaenda. (vigelegele) Ngoja nitoke huku, siskii. Na Madam?

KIMAIYO: Amekunja uso, lakini karatasi amebadilisha. Anasema siku ingine uulize kwanza.

NEKESA: Nitauliza nikishaweka.

KIMAIYO: Bado kuna swali hapa chini. "Baba wa mke wangu anakaa na sisi. Je, imondo ni yangu au yake?"

NEKESA: Mwambie ampe baba mkwe, ndiye mzee wa nyumba. Imondo wengine wameijua kwa shida.

KIMAIYO: Huyo Bwana Nasir ananipiga vijembe hata akiwa Maskati. Anasema alicheka sana akifika mwisho wa barua.

NEKESA: Uliandika nini huko mwisho?

KIMAIYO: Nimesahau.

NEKESA: Kimaiyo.

KIMAIYO: Niliandika, "Mimi mwenyewe nilipewa imondo katika nyumba ya watu wema huko Matulo, na kwa kutojua nikaipeana. Naomba radhi, na naomba nipewe tena."

NEKESA: Ukamwandikia Mwarabu hiyo?

KIMAIYO: Nilikuwa nakuandikia wewe. Ni vile faksi ya ofisi haikuli kredo. Nekesa? Ni network?

NEKESA: Si network. Jumamosi hauko kazi.

KIMAIYO: Niko, lakini nitaomba ruhusa. Kwani?

NEKESA: Nilipigia jirani, nikaongea na mama. Kuna jogoo amefungwa mguu tangu saa nane.

KIMAIYO: Na mzee alisema nini?

NEKESA: Mzee bado amekasirika. Amekasirika kabisa.

KIMAIYO: Sasa nitakujaje?

NEKESA: Lakini ni yeye alikimbiza jogoo mpaka akamshika.

KIMAIYO: Na hizo miguu zake za kuuma?

NEKESA: Na hizo miguu zake. Akaanguka mara moja, akakataa kusaidiwa.

KIMAIYO: Kredo inalia tena. Haraka, nikiwekewa nikule yote, ama nibakishe kidogo?

NEKESA: Yote. Usiulize mtu, usiangalie pembeni, tafuna. Na Kimaiyo, ukipatia kukhu tena—

(laini inakatika)