Bukta Marufuku

Benchi liko pale pale kila kiangazi, nje ya geti la bwawa, kwenye kambi ya mahema kando ya mto Ardèche, Ufaransa. Saa nne asubuhi wazee watatu washajipanga na vikombe vyao vya plastiki. Huguette ndiye mwenye chupa ya kahawa. Wanamwita Mhuri, maana aligonga mihuri ofisi ya meya hadi anastaafu. Loïc ni Klorini, fundi bomba, na kila kinachohusu maji anakijua yeye. Wa tatu ni Anselme, jina la benchi Bukta. Miaka kumi na tisa anakuja hapa na geti hajalivuka, kwa sababu kuna kibao chenye picha ya bukta iliyokatwa mstari mwekundu, na yeye havai kingine. Leo kimenuka. Mjukuu wake Capucine, miaka saba, saa tano anavua maboya ya mikononi aogelee mwenyewe, ukuta hadi ukuta. Na kasema babu amsubiri ng'ambo, ndani ya maji.

— Si uvae chupi ya kuogelea, baba! Mhuri akamwambia. Kambi nzima wanavaa.

— Nikatize mbele za watu na kile kitambaa, kama nimetoka mbio nyumba inaungua?

— Mnabishana chanzo hamkijui, Klorini akadakia. Bukta ina mifuko. Mfukoni kuna nini? Makombo ya mkate, tumbaku, mchanga. Vikiingia majini vinakula dawa yote.

— Yangu haina mifuko.

— Utaiwekea tu. Nakujua.

— Acha fiksi, Klorini! Mhuri akaja juu. Shida ni maji. Bukta moja inatoka na lita mbili. Wanaume mia mbili, mara tatu kwa siku. Ikifika Agosti katikati watoto wanaogelea kwenye vigae!

— Hesabu hiyo uliigongea mhuri wapi wewe?

— Haya, siri ndiyo hii, Klorini akashusha sauti. Ni ujanja wa mwenye kambi. Mwanaume mwenye kitambi mwambie avae cha kubana, haingii ng'o! Nusu ya kambi inabaki benchi. Bwawa dogo, na linatosha.

Wakacheka, Anselme naye akacheka. Kila mwaka anakitukana kile kibao kuliko wote, na hakuna kitu anakipenda kambini kama hicho. Kuogelea hajui. Hajawahi kujua. Kibao kimemfichia siri miaka kumi na tisa bila kudai hata asante.

— Na wewe Mhuri mbona huingii? akauliza, apate pa kupumulia.

— Na ile kofia ya mpira, ya lazima kwa nywele ndefu? Nibanwe kichwa kama yai? Nywele hizi?

— Klorini je?

— Mimi nimegoma. Kwa ajili yako, Bukta. Kaka hatupwi.

Mara Capucine huyo, anachuruzika maji, maboya yako mkononi, na kipakiti.

— Babu, mama kakununulia chupi ya kuogelea, wanaziuza mapokezi. Ya bluu. Saizi kubwa kuliko zote!

— Bukta, umekwisha! Mhuri akapiga makofi.

Anselme akakigeuza kipakiti, akakigeuza tena.

— Hii... Klorini, wazee je? Sheria haijakataza wazee?

— Haijakataza, kaka.

Capucine akawaangalia, mmoja mmoja.

— Kwani hapa nani anajua kuogelea?

Klorini akaona mdudu kwenye kikombe. Mhuri akaitikisa chupa ya kahawa, tupu.

— Mimi sijui, Anselme akasema, taratibu.

Mtoto hakucheka.

— Basi utasimama kule kwa wadogo. Maji yanakufika hapa tu. Akamgusa kitovu. Mimi nitakuja huko huko.

Anselme akamwachia Mhuri miwani, akaingia kubadilisha. Akatoka kavaa ile ya bluu, mapaja meupe kama unga uliokandwa, akapita chini ya kibao, akashuka ngazi ya kwanza, ya pili, meno yameng'ata mdomo.

Huko ng'ambo Capucine akauachia ukuta.

— Mhuri, Klorini akanong'ona, macho hayabanduki majini. Hivi mapokezi wanafunga saa ngapi?