Micah Kipsang arap Kemboi, Aliyegonga Telegrafu Nakuru

Wazee wetu, mchungaji, majirani wa Bondeni, wafanyakazi wa Posta na nyote mliopanda mlima huu wa Sachangwan kwa baridi ya leo, haya ni maisha ya ndugu yetu kama yalivyokusanywa na familia, yanasomwa na mdogo wake Kimaiyo, na mjane wake Cherono ameyapitia neno kwa neno, akafuta alipotaka na kuongeza alipotaka, kwa hiyo mwenye malalamiko atajua aende wapi.

Micah Kipsang arap Kemboi alizaliwa tarehe 3 Aprili 1919 karibu na Molo, katika shamba la kondoo ambako baba yetu alikuwa mchungaji wa mifugo, akasoma katika shule ya misheni huko Kericho kuanzia mwaka 1931 hadi 1937, na alipotoka hapo akapata kazi ya utarishi wa Posta mjini Nakuru, akipeleka simu za maandishi kwa baiskeli kutoka Njoro mpaka Bahati. Kile kigongeo cha telegrafu chenyewe alikuwa akikiona kupitia mlangoni tu, kikilia ndani ya chumba ambacho hakuruhusiwa kuingia.

Vita ndivyo vilivyomfungulia mlango huo. Tarehe 9 Septemba 1940 aliandikishwa katika jeshi la Keya, akapelekwa Nanyuki kwenye kikosi cha mawasiliano, akafundishwa kupeleka habari kwa bendera, kwa taa, kwa kioo kinachomulika jua, na kwa kigongeo, pigo fupi na pigo refu, mpaka herufi zote zikaingia vidoleni. Huko ndiko alikokutana na Kahiga wa Nyeri, wakaenda pamoja Uhabeshi, wakaenda pamoja Burma, na mwezi wa Februari 1945 bomu lilipomng'oa Micah vidole vitatu vya mkono wa kushoto, ni Kahiga aliyemfunga kwa shati lake mwenyewe na kumbeba hadi kwa daktari. Familia inalitambua hilo. Cherono pia analitambua, ingawa amesikia hadithi ya hilo shati mara nyingi kuliko alivyosikia sifa za mapishi yake.

Marehemu alifunga ndoa na Cherono tarehe 14 Desemba 1946 katika kanisa la misheni, msimamizi wake akiwa ni Kahiga, na wivu, ambao mjane ametuagiza tuutaje kwa jina lake, ulianza siku hiyohiyo, kwa sababu wakati wa chakula wanaume hao wawili walianza kugongagonga meza kwa vijiko, huyu akigonga, yule akicheka mpaka machozi, na bibi harusi alipouliza kuna nini akaambiwa ni mambo ya vita. Mungu aliwajalia watoto wawili, Zeddy aliyezaliwa mwaka 1948 na Nicodemus aliyezaliwa mwaka 1951.

Kwa kazi, Posta ilimchukua tena mapema mwaka 1947, safari hii ndani ya chumba, kwenye kigongeo chenyewe, na Kahiga akapewa kigongeo cha Naivasha, kwenye waya uleule. Watu wa kazi hiyo husema kila mgongaji ana mkono wake, kama vile kila mtu ana sauti yake, na Micah alikuwa akiujua mkono wa Kahiga kabla ya herufi ya tatu, akajua kwa kugonga tu kama ana mafua, kama ameamka vibaya, kama ng'ombe wake amezaa. Jioni kazi ikipungua walikuwa wakizungumza wawili hao kwa waya, kisha Micah anarudi nyumbani Bondeni na habari zote za Naivasha, anakula, anavua viatu, ananyamaza. Alipokuwa na mimba ya Nicodemus ya miezi mitano, Cherono aliona mumewe hajagundua bado, akamwambia mbele ya wageni, "Baba Zeddy, huyo Kahiga wako angekuwa mwanamke, ningejua la kufanya."

Hali ya Hatari ilipotangazwa kwa sababu ya vita vya msituni, Wakikuyu wengi katika bonde hili, watu wa kabila la Kahiga, waliondolewa makazini na kukusanywa, na asubuhi moja ya Machi 1953 Micah aliita Naivasha akajibiwa na mkono asioujua. Hakuuliza, maana waya ulikuwa ukisikilizwa. Alirudi nyumbani hakugusa chakula. Cherono alidhani sasa zamu yake imefika, kwamba maneno yote yaliyokuwa yakienda Naivasha yatabaki mezani kwake, akapika vizuri, akakaa karibu, akangoja, lakini maneno hayakuja, na akaanza kumwonea wivu mtu ambaye hata hayupo.

Vita hivyo vya msituni vilileta redio za kusema kwa mdomo katika magari ya polisi, na baadaye mashine za kuandika simu zenyewe, ambazo kijana yeyote anayejua kupiga taipu aliweza kuziendesha, na tarehe 30 Juni 1957 kigongeo cha Nakuru kikafunguliwa skrubu na kutiwa sandukuni. Vita vya kwanza vilimpa Micah kazi, vya pili vikamnyang'anya. Alihamishiwa dirishani kuuza stempu, akaziuza kwa heshima, vidole vyake vikigonga kaunta siku nzima bila kuitikiwa na mtu.

Ugonjwa ulimkuta hapo dirishani Jumanne tarehe 2 Juni mwaka huu wa 1959, ukiwa ni kiharusi kilichochukua ulimi na upande wote wa kulia, na mkono wa kushoto uliobaki ndio ule wa Burma, usioweza kushika kalamu. Hospitalini Nakuru alilala akigonga chuma cha kitanda kwa kidole kimoja. Wauguzi walisema ni kutetemeka, lakini Cherono alijua ni maneno, akaenda Posta kutafuta wa kuyasoma, na vijana wa mashine wakamwambia, "Mathe, hiyo kitu hatukufunzwa."

Alimjua mtu mmoja tu. Kahiga alikuwa amefunguliwa kizuizini mwaka uliopita, akawa kibarua katika shamba moja la Ndabibi, na Cherono, ambaye angeweza kumtuma mwingine, alipanda lori la jirani yetu Bashir akaenda mwenyewe, akamkuta Kahiga akipalilia, akamwambia, "Shemeji, rafiki yako anaita."

Kahiga aliomba kibali cha kusafiri, akaja. Alipogonga kile chuma mara ya kwanza, Micah alicheka kwa nusu ya mdomo aliyobakiwa nayo, na wakaongea mchana mzima kwa Kiswahili chao cha Keya, huku Cherono akitoka kwenda kuosha kikombe kilichokuwa safi. Aliporudi, mumewe alimwona, akaanza kugonga upya, na Kahiga akazitamka herufi moja moja asielewe kitu, maana haikuwa tena Kiswahili, ilikuwa lugha ya nyumbani. Neno la kwanza lilikuwa ni jina ambalo Micah humwita mkewe wakiwa wawili tu, na hapo lilikuwa likitoka, tena limepotoka, kinywani mwa Kahiga. "Shemeji, nyamaza," Cherono akasema. "Hayo ni yangu. Nifundishe."

Alifundishwa kwenye benchi la nje, punje ya maharagwe ikiwa pigo fupi, kijiti cha kiberiti kikiwa pigo refu, na yeye aliyeacha shule darasa la tatu alikosea, akarudia, akagombana na mwalimu, akarudi kitandani kujaribu. Alipoweza kusoma, alikiondoa kidole cha mumewe kwenye chuma, ambacho Kahiga alikuwa akikisikia hata akiwa mlangoni, akakiweka katika kiganja chake, pasipo na sauti. Hapo Micah alizungumza na mkewe, polepole, mpaka Jumanne tarehe 11 Agosti alipotutoka saa nne asubuhi, kidole chake kikiwa bado kiganjani humo. Kahiga alimwuliza Cherono marehemu alisema nini, nasi familia tulimwuliza tuandike nini mahali hapa, na jibu alilotupa ni kwamba tuandike alizungumza na mke wake, tuweke nukta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nakuru, Bashir na mkewe Khadijo waliotulelea watoto, majirani wa Bondeni, wenzake wa Posta, na Kahiga, aliyetembea na kibali mfukoni ili awe nasi. Kahiga ameomba, kabla jeneza halijashushwa, agonge kwaheri yake juu ya mbao. Cherono amekubali, lakini amesema wa kwanza kugonga ni yeye, na wakati huo Kahiga asimame mbali.

Pumzika kwa amani, arap Kemboi.