Bi Haraka na Picha Mbili za Gazetini

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, binti wa kwanza wa karani wa stoo na fundi cherehani. Alitembea akiwa na miezi tisa na tangu hapo hakujua kwenda polepole. Jina la Bi Haraka likamganda.

Alimaliza sekondari mwaka 2002, akaajiriwa posta, dirisha namba tatu. Foleni yake ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, maana watu walijua itakwenda. Mwaka 2009 aliolewa na fundi umeme, aliyewahi kupanga foleni hiyo mara nne kwa siku, akinunua stempu moja moja.

Juni 2011 alipata homa. Homa ikaondoka, nguvu zisirudi. Akifua leso mbili, analala siku tatu. Vipimo vilikuwa safi, na daktari akamwambia, "Mama, hayo ni mawazo tu." Aliumia sana. Ilipita miaka sita kabla ya kuambiwa ni ugonjwa wa uchovu sugu.

Akiwa kitandani aliwakusanya wagonjwa wenzake kwa simu, wakaomba kliniki moja tu ya ugonjwa huo. Mwaka 2019 mwandishi wa gazeti akakubali kuja. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama akasema, akatandika shuka jipya. Mdogo wake, anayesoma maneno haya, akamsuka na kumpaka poda. Picha ikatoka nzuri kama ya harusi. Wasomaji wakaandika, "Huyu anadeka." Kosa lilikuwa la nyumbani, na mpaka leo linamchoma mdogo wake.

Marehemu alicheka. "Hata mimi ningesema anadeka." Kisha akamwita mwandishi tena. "Safari hii asiniguse mtu." Mama alikaa jikoni akilia kwa aibu. Picha ikatoka na nywele zilizosokotana na beseni kando ya kitanda. Simu hazikukatika wiki nzima. Kliniki ilifunguliwa Februari 2022, kila Alhamisi. Yeye mwenyewe hakuwa na nguvu za kufika.

Alifariki tarehe 4 Mei 2025 kwa nimonia, mumewe akiwa amemshika mkono.

Baba alimtangulia. Ameacha mama, mume, mdogo wake na wagonjwa wenzake thelathini na mmoja. Hao wanatusikiliza wakiwa vitandani, kupitia simu iliyo hapa mezani. Tukishazika, tafadhali wapeni pole, kwa sauti ya chini, kelele huwaumiza.

Miaka kumi na minne alilala bila kupumzika. Sasa, dada, pumzika.