Mashua ya Jigar Hapa Mosocho

Benchi la Jemimah liko kando ya duka la vifaa vya ujenzi la Jigar, pale Mosocho. Asubuhi halikosi Nyakundi, fundi wa kuchomelea milango tunayemwita Injinia, wala Manasseh, karani wa ofisi ya wakili, ambaye kwetu ni Wakili tu. Jemimah anamimina kahawa. Nyuma ya duka kuna mashua ndogo ya tanga iliyokaa miaka mingi chini ya mabati, kuku wakitaga ndani. Tangu Krismasi Jigar anaifufua: amekwangua rangi, amebadilisha mbao zilizooza, ameziba nyufa. Leo alikuja kukaa nasi mikono ikinata vanishi.

— Jigar, ziwa liko Homa Bay, Injinia akaanza. Hapa ni migomba tu.

— Si anataka kubeba watalii, Wakili akasema.

— Watalii wapi! Huyu ameona kwa simu maji ya ziwa inapanda. Ikifika hapa, sisi tutapanda miti, yeye atapanda mashua.

— Ifike Mosocho? Basi kilima cha Manga kitakuwa kisiwa!

— Na mimi nitachomelea samaki milango.

Tulicheka. Jigar alicheka pia.

— Tulikuwa tunaishi Kisumu, akasema. Baba alitununulia hiyo, mimi na ndugu yangu Rahul. Jumapili tulishinda majini mpaka mama aje kutuita. Mimi usukani, yeye kamba ya tanga. Upepo ukigeuka, hata hatukuongea. Kila mtu alijua mkono wake uende wapi.

Jigar akamaliza kahawa yake.

— Jumamosi naipakia kwa lori. Naipeleka Homa Bay.

— Wah! Hatimaye, Jemimah akasema.

Mwishoni mwa benchi alikaa mama mmoja mgeni, Lorna, akisubiri bodaboda ya kumpeleka kwa dadake. Alikuwa amesikiliza yote.

— Samahani, ndugu. Kama inataka watu wawili, unaenda na nani?

Injinia, ambaye hajui kuogelea, akatazama viatu vyake. Wakili akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Jigar akatoa simu mfukoni.

— Nilimtumia Rahul picha huko Kanada. Ameiona.

— Akasemaje? Jemimah akauliza.

Jigar akatazama tena chini ya picha, hapakuwa na jibu; akapangusa kioo cha simu kwa kidole chenye vanishi, kikazidi kuchafuka.